Kiwiko cha miaka 17 na haraka ya kisu

Huko Marekani, mrushaji wa besiboli wa sekondari akipimwa na kukutwa kano ya ndani ya kiwiko imechanika, swali la kwanza nyumbani huwa ni upasuaji utafanyika lini. Kama unahitajika, ni wachache wanaouliza.

Imani hiyo kwa kisu ina msingi. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimpandikizia mrushaji Tommy John kano mpya. John akarudi uwanjani 1976 na kushinda mechi 164 zaidi. Mrushaji Stephen Strasburg alipasuliwa hivyo hivyo 2010 akiwa na miaka 22, na 2019 akawa mchezaji bora wa fainali za ligi kuu. Kano ikikatika kabisa na kijana bado anataka kurusha, sina ubishi: mapumziko hayataiunga.

Ubishi uko kwenye kano iliyochanika kidogo. Julai 2014, mrushaji Masahiro Tanaka alikutwa na hali hiyo miezi michache tu baada ya Yankees, klabu ya New York, kumpa mkataba wa dola milioni 155. Klabu yenye uwezo wa kumlipa daktari yeyote ilichagua sindano ya damu yake mwenyewe iliyochujwa, pamoja na mazoezi ya tiba. Septemba akarusha tena, na akabaki nao hadi 2020 bila kupandikizwa kano. Mrushaji Adam Wainwright naye aliumia 2004 akatibiwa bila upasuaji. Ndiyo, alipasuliwa 2011, lakini mwaka uliotangulia alikuwa ameshinda mechi 20.

Wanaotaka kisu mapema watamtaja mrushaji Matt Harvey, aliyejaribu kusubiri 2013 na baada ya miezi miwili akapasuliwa. Mrushaji Shohei Ohtani pia: sindano Juni 2018, upasuaji Oktoba. Kwa kijana wa mwaka wa mwisho anayesubiri ufadhili wa chuo, miezi hiyo si midogo. Hoja hiyo naiheshimu.

Kinachonisumbua ni utafiti uliochapishwa 2012: asilimia 51 ya wachezaji wa sekondari waliohojiwa waliona upasuaji huu unafaa hata kwa asiyeumia, ili tu aongeze uwezo. Zaidi ya nusu! Na wazazi? Asilimia 37. Watu wenye fikra hiyo hawawezi kupima faida na hasara, maana kwao hasara haipo. Ndiyo maana sishangai kwamba kati ya 2007 na 2011 vijana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa zaidi ya nusu ya waliofanyiwa upasuaji huu nchini humo. Kano ya kupandikizwa haiongezi kasi ya mpira. Anayerudi na kasi zaidi amekaa mwaka mzima akijenga mabega, mgongo na miguu, kazi ambayo angeweza kuifanya bila kovu. Na wapo wasiorudi kabisa.

Mimi ningeanza kwa kumuuliza daktari kano imechanika wapi na kwa kiasi gani, kisha nimuulize kocha kijana alipumzika miezi mingapi mwaka jana. Mwongozo wa Pitch Smart, wa ligi kuu yenyewe na USA Baseball, unataka mrushaji wa umri huo akae angalau miezi minne kila mwaka bila kurusha mashindanoni. Hata miezi mitatu ya kujaribu matibabu bila kisu, ambayo kijana anaogopa kuipoteza, haifikii hata hiyo aliyopaswa kupumzika akiwa mzima.