Kasumba ni ipi hasa?

Wiki iliyopita niliitwa nyumba moja huku Al Khoud, Muscat, kutengeneza kiyoyozi kinachovuja. Mwenye nyumba ni mzee wa Kiomani, mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, aliyeondoka baada ya 1964. Nikamsalimia kwa Kiarabu changu cha kuungaunga. Akanitazama. "Wewe si mtu wa kwetu? Sema Kiswahili, mwanangu." Nikavua chujio, nikazibua mpira wa kutolea maji uliojaa utando na vumbi, huku mzee ananihadithia na mjukuu wake, aliyezaliwa hapahapa, anadakia kwa Kiswahili kilichonyooka. Wakaninywesha kahawa kwa halua. Nilitoka pale kifua mbele.

Jioni nikapiga simu nyumbani Morogoro. Mpwa wangu wa darasa la tatu akanieleza kuwa shuleni kwao anayesikika akisema Kiswahili anavalishwa kibao shingoni, kibao cha mbao chenye kamba ya katani, anakaa nacho mpaka amsikie mwenzake naye amtupie. Siku hiyo alikaa nacho tangu mapumziko mpaka kengele ya kutoka.

Nikaandika kwenye kundi la ukoo: hii ni kasumba. Moto ukawaka. Binamu yangu akajibu kwamba mwenye kasumba ni mimi niliyekuja kula riyali za Waarabu, sasa nataka kuwafundisha walioko nyumbani namna ya kulea.

Sawa, tulizungumze hilo neno, maana naona tunalirusha ovyo. Kasumba ni afyuni. Waliolitoa kwenye kulevya mwili wakalipeleka kwenye fikra walijua wanachosema: aliyelewa afyuni hajioni amelewa, anajiona ametulia. Enzi za Azimio la Arusha, 1967, kasumba ya kikoloni lilikuwa neno la majukwaani, na kila mtu alijua linampiga nani. Siku hizi anayekula kwa uma ana kasumba, anayefika kikaoni saa iliyopangwa ana kasumba, anayekataa kuchangia harusi ana kasumba. Jamani, hapana! Jambo ulilolichagua ukiwa macho, hata likiwa la kigeni, si kasumba. Kasumba ni hukumu inayotoka kabla hujafikiri. Mtu anafungua mdomo kwa Kiingereza, tayari tumeshamwona ana akili, hata hatujasikia alichosema.

Mtasema napinga Kiingereza. Sipingi. Vitabu vya mitambo ninayotengeneza vimeandikwa kwa Kiingereza, na bila hicho nisingekuwa na kazi. Dada yangu, mama wa huyo mpwa, analipa ada ya shule ile kwa jasho la mgahawa wake, anataka mtoto asije akaaibika mbele ya jopo la usaili kama alivyoaibika yeye. Simlaumu hata kidogo. Ninachouliza ni hiki: kumfundisha mtoto lugha ya pili kunahitajije kumtia haya kwa lugha ya kwanza?

Mtasema pia nimeona raha ya ugenini nikasahau kwetu. Raha gani? Kibali changu cha kuishi huku kimefungwa kwa mwajiri, na fomu zote ni za Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili hakiniongezei hata baisa moja kwenye mshahara. Lakini yule mzee amekaa miaka yote hiyo mbali na Unguja, lugha amewapa wajukuu bila sheria wala ada. Sisi tuliokaa nayo ndani tunaifungia kamba ya katani.

Na hiyo ndiyo inayoniuma, kwa sababu kujivuna tunajua. Mwaka 2019 SADC ilipokifanya Kiswahili lugha rasmi, mkutano wenyewe ukiwa Dar es Salaam, binamu yangu huyuhuyu alijaza bendera kwenye kundi. UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, tulipongezana mpaka usiku. Tunapongezana kwa lugha ambayo mtoto wetu anavalishwa kibao kwa kuisema!

Kuna kitu sikukiandika kwenye kundi. Mpwa wangu alinieleza habari ile kwa kunong'ona. Alikuwa jikoni kwa mama yake, mlango umefungwa, hakuna mwalimu, na bado alinong'ona.

Ijumaa nitampigia tena. Ataniimbia kwanza Kiingereza chake chote cha wiki, nami nitamsifu kwa dhati, maana anakijua. Kisha nitamuuliza paka wao amezaa wangapi, na nitangoja anijibu kwa sauti.