Ruzuku za Urithi Zisiishie Kwenye Ngoma ya Simba

Tarehe 12 Februari 2002, katika hafla ya Mwaka Mpya wa Kichina iliyofanyika kwenye majengo ya Bunge mjini Wellington, Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliwaomba radhi rasmi Wachina waliotozwa kodi ya kichwa na serikali ya nchi hiyo, pamoja na wazao wao. Miaka miwili baadaye serikali ilitenga dola milioni 5 za nchi hiyo ziwe mtaji wa mfuko wa amana uitwao Chinese Poll Tax Heritage Trust, ambao hutoa ruzuku za kuhifadhi historia, lugha na utamaduni wa Wachina wa New Zealand. Nimekuwa nikiufuatilia mfuko huu kwa mbali, pamoja na mingine inayofanana nao nchini Kanada, na maoni yangu ni haya: fedha inayotolewa kwa sababu ya radhi ina wenyewe, na wenyewe hao ni wazao wa waliotozwa. Kwa hiyo inapaswa kuokoa kwanza vile vitu ambavyo kodi yenyewe ilivifanya viwe haba, yaani majina, makaburi, nyaraka za familia na lahaja za vijijini, kabla haijafika kwenye sherehe.

Ili maoni hayo yaeleweke ni lazima tuitazame kodi yenyewe. Wachina walianza kufika Otago, eneo la machimbo ya dhahabu kusini mwa New Zealand, katikati ya miaka ya 1860 kwa mwaliko wa Chemba ya Biashara ya Dunedin, wakati wachimbaji wazungu walipokuwa wakihama kufuata dhahabu mpya ya pwani ya magharibi na wafanyabiashara wakihofia kubaki na maduka yasiyo na wateja. Waliitwa, wakaja, na baada ya miaka kumi na mitano hivi wakawekewa ukuta. Sheria ya mwaka 1881 ilimtaka kila Mchina anayeingia nchini alipe pauni 10, na meli ikaruhusiwa kubeba Mchina mmoja tu kwa kila tani 10 za uzito wake. Mwaka 1896 kodi ilipanda hadi pauni 100, na kikomo kikawa mtu mmoja kwa tani 200. Wengi waliikopa fedha hiyo kwa ndugu na kuilipa kwa miaka mingi. Baadaye yakafuata mengine: Wachina walinyimwa pensheni ya wazee ya mwaka 1898, wakawekewa mtihani wa kusoma maneno 100 ya Kiingereza mwaka 1907, na kuanzia 1908 wakazuiwa kupata uraia, zuio lililodumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kodi iliacha kutozwa mwaka 1934 na kufutwa katika sheria mwaka 1944. Hakuna kundi jingine la wahamiaji nchini humo lililowahi kutozwa kodi ya namna hiyo.

Hesabu moja inatosha kuonyesha kilichotokea. Sensa ya mwaka 1881 ilikuta wanaume wa Kichina 4,995 na wanawake 9. Kwa miongo mingi jamii hii ilikuwa ya wanaume watupu, wengi wao kutoka vijiji vya mkoa wa Guangdong, wakiwa na wake na watoto ng'ambo ya bahari, na wao hawakuwa na uwezo wa kuwalipia kodi ili waje. Familia zilianza kuungana kwa idadi ya maana mwaka 1939, pale Wajapani walipokuwa wamevamia kusini mwa China na serikali ya New Zealand ikakubali kuwapokea wake na watoto kama wakimbizi wa miaka miwili tu, tena kwa dhamana ya fedha. Hawakurudi.

Sasa mtu ajiulize urithi wa jamii kama hiyo hukaa wapi. Kwa kawaida hadithi, nyimbo, mapishi na majina ya mababu hupita mikononi mwa mama na bibi, ndani ya nyumba. Hapa nyumba haikuwapo, na mzee aliyefia kwenye kibanda cha machimbo alikwenda na yake yote. Kilichobaki ni karatasi za watu wengine: rejista za forodha zenye orodha ya waliolipa, na vyeti vya kuondoka na kurejea vilivyopigwa muhuri wa kidole gumba, kana kwamba mwenye cheti ni mshukiwa. Mtunzaji mkubwa wa kumbukumbu za watu hawa akawa yule yule aliyewatoza. Daftari jingine muhimu ni la mmisionari Mpresbiteri, Alexander Don, aliyezunguka kwa miguu kambi za machimbo za Otago akiandika majina ya wachimbaji, vijiji walikotoka na yaliyowapata. Nia yake ilikuwa kuwabatiza, na kwa hilo hakufanikiwa sana, lakini bila daftari lake familia nyingi leo zisingekuwa na pa kuanzia.

Na pa kuanzia penyewe pana mitego. Choie Sew Hoy, mfanyabiashara mashuhuri wa Dunedin, alikuwa wa ukoo wa Choie, lakini wazao wake hadi leo wanaitwa Sew Hoy, kwa kuwa makarani wa Kiingereza walichukulia kwamba jina la mwisho ndilo la ukoo, ilhali Wachina hulitanguliza. Familia nyingine ziliandikwa kwa herufi za karani mmoja bandarini na kwa herufi nyingine kabisa za karani wa vizazi na vifo. Anayetaka kumtafuta babu yake kwa jina lililo kwenye rejista ya Kiingereza anaweza kutafuta maisha yake yote. Jiwe la kaburi, kinyume chake, mara nyingi limechongwa kwa Kichina jina kamili la marehemu, wilaya na kijiji alichotoka, habari ambazo hazimo katika karatasi yoyote ya serikali. Mawe hayo yanaliwa na mvua na kuvu katika makaburi ya Lawrence huko Otago, ya Karori mjini Wellington na kwingineko, na wazee wanaoweza kuyasoma na kuvitambua vijiji hivyo kwa matamshi ya kwao wanapungua. Kupiga picha jiwe moja na kumlipa mtu alisome si kazi ya gharama kubwa. Ni kazi isiyo na mvuto kwa wafadhili, basi.

Jambo la makaburi lina uzito wa pekee kwa watu hawa. Mwaka 1902 chama cha kusaidiana cha Wachina mjini Dunedin kilifukua mabaki ya wenzao katika makaburi mengi ya nchi na kukodi meli iitwayo Ventnor iyarudishe Guangdong, ili wafu wapumzike karibu na jamaa zao. Ndani ya meli kulikuwa na maiti na mifupa ya watu 499, akiwemo Choie Sew Hoy mwenyewe aliyefariki mwaka uliotangulia. Meli iligonga mwamba pwani ya Taranaki, ikajikokota kuelekea kaskazini, na usiku wa tarehe 28 Oktoba ikazama nje ya Hokianga. Mabaki yaliyosukumwa na bahari hadi ufukweni yaliokotwa na Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wa makabila ya Te Roroa na Te Rarawa, wakayazika katika ardhi yao na kuitunza habari hiyo kizazi hadi kizazi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye wazao wa Kichina walifika Hokianga kushukuru. Nikiulizwa urithi wa Wachina wa New Zealand ni nini, nitataja safari ile ya shukrani kabla ya kutaja joka la karatasi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na namna ruzuku za utamaduni zinavyotumika mara nyingi katika nchi nyingi. Mfadhili hupenda kitu kinachoonekana: tamasha la taa, ngoma ya simba, lango jekundu penye mtaa wa mikahawa. Mjini Dunedin ilifunguliwa mwaka 2008 bustani nzuri sana ya Kichina, Lan Yuan, iliyochongwa vipande vipande na mafundi wa Shanghai na kuunganishwa pale pale mjini, kwa ajili ya kuenzi mchango wa Wachina wa Otago. Ni kazi ya ustadi, na miongoni mwa walioisukuma ni wazao wenyewe. Hata meya wa mji wakati huo, Peter Chin, ni wa asili hiyo, kwa hiyo sina haki ya kuidharau. Ila ni bustani ya msomi tajiri wa upande wa Shanghai na Suzhou. Mchimbaji wa kutoka kijiji cha Panyu au Siyi, maeneo ya Guangdong, hakuwahi kukanyaga mahali kama pale, na kama angefika langoni pengine asingeruhusiwa kuingia. Linganisha na vibanda vya wachimbaji wa Kichina vya Arrowtown, mji mdogo wa Otago, vilivyochimbuliwa na wanaakiolojia katika miaka ya 1980 na kutengenezwa upya: kuta za mawe ya mtoni, mlango wa kuinamia, chumba kisichozidi kitanda na mahali pa moto, kimoja kikitumia mwamba wa mlimani badala ya ukuta wa nyuma. Mgeni akiinama kuingia mle anaelewa katika dakika moja kile ambacho bango la maelezo lingemweleza kwa kurasa tatu.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kupuuza. Tangu sheria ya uhamiaji ilipobadilishwa mwaka 1987, Wachina wengi zaidi wameingia New Zealand kutoka Taiwan, Hong Kong, Malaysia na China bara, na sensa ya mwaka 2023 ilihesabu karibu watu 280,000 wa asili hiyo. Wazao wa waliolipa kodi ni sehemu ndogo tu ndani ya idadi hiyo. Je, ni haki mfuko wenye jina la Kichina uwahudumie wachache? Nasema ni haki, kwa sababu mfuko huu haukutokana na ukarimu wa serikali kwa watu wa asili fulani. Ulitokana na fedha iliyochukuliwa kwa watu fulani, takriban 4,500, waliolipa kwa ujumla zaidi ya pauni 300,000 za wakati ule. Mhamiaji aliyefika Auckland mwaka 1995 anastahili msaada wa kufundisha watoto wake lugha na kusherehekea sikukuu zake, na serikali inazo bajeti nyingine za shughuli hizo. Tena lahaja za Kikantoni na Siyi zilizokuwa zikisemwa katika mashamba ya mboga ya Pukekohe na Levin si Kichina rasmi cha Beijing kinachofundishwa shuleni sasa. Fedha ikielekezwa kwenye Kichina kwa jumla, kilicho kikubwa kitakimeza kilicho kidogo bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Kanada inatufundisha jambo jingine, nalo ni la muda. Huko kodi ilianza mwaka 1885 kwa dola 50, ikafika dola 500 mwaka 1903, kisha kuanzia 1923 hadi 1947 Wachina wakafungiwa mlango karibu kabisa. Serikali ya Stephen Harper iliomba radhi Juni 2006 na kuwalipa dola 20,000 kila mmoja walipa kodi waliokuwa hai au wajane wao, ambao kufikia hapo walikuwa wamebaki wachache mno. Fedha za kumbukumbu zikapitishwa katika programu ya miradi iliyohudumia jamii kadhaa kwa pamoja, na programu hiyo ikafika mwisho wake. Ninaupendelea mtindo wa New Zealand, ambapo mtaji unabaki na mapato yake ndiyo yanayogawiwa, maana mjukuu anayefungua sanduku la babu yake leo hawezi kuambiwa kwamba dirisha la maombi lilifungwa zamani. Na masanduku hayo yapo: jumba la makumbusho la Wachina wa Kanada lilipofunguliwa Vancouver tarehe 1 Julai 2023, miaka mia kamili baada ya sheria ile ya kufungia mlango, onyesho lake la kwanza lilijengwa juu ya vyeti vya uhamiaji ambavyo familia zilikuwa zimevihifadhi nyumbani, baadhi bila hata kuwaambia watoto wao.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa kodi ya kichwa ni nini, na wa Kenya anakumbuka kipande chenye alama za vidole kilichoning'inizwa shingoni mwa babu yake. Sisi pia tumeanza kupokea radhi na fidia. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 wa enzi ya Mau Mau na kugharimia mnara uliozinduliwa Uhuru Park mwaka 2015. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha Songea, Tanzania, kwa ukatili wa enzi ya ukoloni, na huko wazao wa Songea Mbano, kiongozi wa vita vya Maji Maji aliyeuawa na Wajerumani, wanatafuta fuvu la babu yao. Yakija mafungu ya urithi kutoka huko, swali la nani anashika mfuko na nani anaamua cha kuhifadhi litatukuta sisi vile vile, na wizara zetu ni hodari wa kujenga minara.

Kwa mfuko wa New Zealand ningependa kuona masharti machache tu. Mwombaji aruhusiwe kuandika kwa Kichina au kujieleza kwa sauti iliyorekodiwa, kwa kuwa mzee wa miaka 85 mwenye daftari la duka la mboga la baba yake hana mpango mkakati wala bajeti ya kurasa kumi. Muda wa wazee wanaohojiwa ulipwe. Nakala ya kila mahojiano na kila cheti ibaki kwa familia, na nyingine iwekwe Maktaba ya Alexander Turnbull mjini Wellington au Maktaba ya Hocken ya Dunedin, ili isipotee mradi ukiisha. Wadhamini walio wengi wawe wazao wa waliolipa, na ripoti ya kila mwaka ioneshe kiasi kilichokwenda kwenye nyaraka, makaburi na lahaja, na kiasi kilichokwenda kwenye matamasha. Mapato ya dola milioni 5 si mengi. Katika mwaka wa uwekezaji mbaya yanaweza kutosha miradi michache tu, na mwaka kama huo ningeanza na mawe ya makaburi, kwa kuwa hayo hayasubiri awamu ijayo ya maombi.