Dakika Moja ya Kimya

Mjomba alipokuja kunitembelea Roma, nilijitwika uongozaji wa magofu yote ya mji ule, ingawa elimu yangu nzima ilikuwa ile niliyoisoma kwenye simu usiku uliotangulia. Asubuhi nikampeleka Largo di Torre Argentina, shimo kubwa katikati ya msongamano wa magari, lililoanza kuchimbuliwa mwaka 1926, ambamo mahekalu manne ya kale huota jua pamoja na paka.

Nilimweleza, kwa sauti ya mwalimu mkuu, kwamba mwaka 55 KK jemadari Pompey alizindua ukumbi wa kwanza wa kudumu wa maigizo uliojengwa kwa mawe mjini humo, akauunganisha na bustani, safu za nguzo na, mwishoni kabisa, ukumbi wa mikutano ambamo seneti ilikutana tarehe 15 Machi mwaka 44 KK, siku ambayo Juliasi Kaizari, mtawala wa Roma, alichomwa visu mara 23. Mjomba, ambaye ameisoma tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare, tangu ujana wake, akapinga: “Shakespeare anasema aliuawa Kapitoli, kule kilimani.” Nikamjibu kwamba Shakespeare alikuwa mtunzi tu.

Nyuma ya mahekalu niliona mawe yaliyopangwa na mfereji mrefu. “Ndipo hapa,” nikasema. Na mfereji ule, nikaongeza kwa kuwa uongo hauji peke yake, ulichimbwa kwa heshima ya damu yake. Mjomba akavua kofia, tukainamisha vichwa dakika nzima. Paka mmoja wa rangi ya chungwa alitutazama kwa namna ambayo sasa naielewa. Nikampiga Mjomba picha katika huzuni yake, nikaituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp.

Hapo likafika kundi la watalii, na kiongozi wao akaelekeza mwavuli palepale, akitamka neno ambalo halikuhitaji mkalimani: “Latrina.” Kilikuwa choo cha umma, ambamo Warumi waliketi bega kwa bega, na mfereji ulipitisha kile ambacho mifereji ya vyooni hupitisha. Mabaki ya ukumbi wa Pompey yalikuwa pembeni kidogo, nyuma ya hekalu la mviringo, wala hatukuwa tumeyatupia jicho.

Mjomba akarudisha kofia kichwani polepole, bila neno. Simu yangu ikalia. Mama mdogo alikuwa amejibu kutoka Tanga: “Pole sana, kaka. Mazishi ni lini, na mchango tumtumie nani?”