Mwenye cha kupunguza ndiye aambiwe

Kila bei ya mafuta inapopanda nyumbani Tanzania, simu yangu haipoi. Ndugu, rafiki niliyesoma naye, hata jirani wa mama kule Muheza, wote wananiletea neno lile lile: wenzenu huko Ujerumani wakiambiwa na serikali yao wabane matumizi wanabana, sisi huku tukiambiwa tunalalamika. Hatuna nidhamu, hatuna uzalendo.

Nimelisikia mara nyingi mno. Mimi nilikuwa hapa Dortmund mwaka 2022, bili ya gesi niliilipa kwa mshahara wangu, na niliyoyaona siyo hayo. Naandika kwa sababu maneno hayo yanawadhulumu watu ninaowapenda.

Kwanza, Wajerumani walilalamika. Tena sana. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari mwaka ule, nchi hii ilikuwa inaingiza zaidi ya nusu ya gesi yake kutoka Urusi. Machi lita ya petroli ilishavuka euro 2. Juni gesi inayopita bomba la Nord Stream 1 ikaanza kupungua, na mwisho wa Agosti bomba likakauka kabisa. Waziri wa uchumi, Robert Habeck, akawa anasimama kila wiki kuomba watu wapunguze: ogeni haraka, shusheni joto la nyumba, gari liacheni mnapoweza. Akasema na yeye kuoga kwake amekufupisha. Wolfgang Kubicki, naibu kiongozi wa chama cha FDP kilichokuwa ndani ya serikali hiyo hiyo, akajibu hadharani kwamba yeye ataoga mpaka amalize. Winfried Kretschmann, waziri mkuu wa jimbo la Baden-Württemberg, alipowakumbusha watu kwamba hata kujipangusa kwa kitambaa kunatosha, alishambuliwa nchi nzima kama mtu aliyewatukana.

Mimi nilikulia kwenye ndoo ya lita 20 na kopo, na ndoo hiyo tulikuwa tunaoga wawili. Nilishangaa kuona kitambaa kinazua ugomvi wa taifa.

Kazini kwangu ni nyumba ya kutunza wazee. Kwenye chumba cha mapumziko, zamu ya usiku, kuna mwenzangu mmoja Mjerumani analea watoto wawili peke yake. Usiku ule redio ilikuwa inarudia ombi la waziri. Akaweka kikombe mezani, akasema: "Mimi nimebana tangu mtoto wa kwanza azaliwe. Aniambie nibane wapi tena." Nilimwangalia nikamwona mdogo wangu wa Mbagala, Dar es Salaam. Lugha nyingine, rangi nyingine, maneno ni yale yale.

Hasira yake haikuwa ya bure, maana wakubwa wa huku nao ni wakubwa. Julai mwaka ule ule, waziri wa fedha Christian Lindner alifunga ndoa kisiwani Sylt, na Friedrich Merz, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, akaenda harusini na ndege yake mwenyewe. Shirika la Kimataifa la Nishati lilishatoa Machi orodha ya mambo 10 ya kupunguza mafuta, na la kwanza lilikuwa kushusha mwendo kwenye barabara kuu. Ujerumani ina barabara ambazo mwenye gari kubwa anakimbia apendavyo, na hakuna kitu cha rahisi kama kumwambia apunguze. Waziri wa uchukuzi, Volker Wissing, akatoa sababu kwamba hata vibao vya alama vya kutosha havipo. Vibao! Bibi mzee aambiwe ashushe joto chumbani kwake, lakini mwenye Porsche asiguswe kwa kukosa vibao. Hilo lilinikera na linanikera mpaka leo.

Lakini matumizi yalishuka kweli. Kwa mwaka 2022 matumizi ya gesi yalipungua kama asilimia 14 chini ya wastani wa miaka minne iliyotangulia. Hapo ndipo ndugu zangu wanaposimama na kusema: umeona, nidhamu! Basi niwaambie nidhamu hiyo ilitoka wapi.

Ilitoka kwenye bahasha. Niliipokea Septemba: malipo yangu ya gesi kwa mwezi yalikuwa euro 74, barua inasema kuanzia mwezi unaofuata ni 190. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi na mfuko wa viazi mkononi. Usiku huo nilizima redieta ya sebuleni, na kipindi chote cha baridi nimeishi jikoni, nimevaa jaketi nimekaa mezani. Hakuna aliyenihubiria. Mita ilikuwa ukutani, namba nilikuwa naisoma kila Jumapili na kuiandika kwenye kalenda, na nikipunguza naona nilichopunguza. Viwanda navyo vilipunguza kwa sababu bei ilivishinda. Baadaye serikali ikaweka kikomo cha bei kwa asilimia 80 ya matumizi yako ya zamani, kwa hiyo aliyebana zaidi alibaki na pesa yake mfukoni. Ombi lilikuja na kitu cha kushika.

Na kulikuwa na ile tiketi. Juni, Julai na Agosti, euro 9 kwa mwezi, unapanda basi, tramu na treni zote za mikoa nchi nzima. Ziliuzwa kama milioni 52. Treni zilijaa mpaka mlangoni, zilichelewa, watu walinuna, lakini mwenzangu yule wa zamu ya usiku aliwapeleka wanawe kuona bahari ya kaskazini kwa mara ya kwanza. Alinionyesha picha: wamevua viatu, suruali zimekunjwa magotini, matope mpaka puani. Gari lake dogo lilibaki limeegeshwa. Huyo hakukubali kubana kwa sababu anampenda waziri kuliko sisi tunavyowapenda wa kwetu. Alipewa njia nyingine ya kufika.

Ujerumani walikosea pia, na nisiwapambe. Miezi ile ile mitatu walipunguza kodi ya petroli kama senti 35 kwa lita. Kwa mkono mmoja unawaomba watu wasiendeshe, kwa mkono mwingine unawarahisishia kuendesha, na mwenye gari la injini kubwa ndiye anayevuna zaidi kila anapojaza tangi.

Jirani yangu wa ghorofa ya pili, bibi wa miaka sabini na ushee, ndiye aliyenifundisha kufungua madirisha yote wazi dakika tano kisha kufunga kabisa, badala ya kuyaacha nusu siku nzima. Siku moja tukiwa kwenye ngazi akanisimulia Jumapili za mwaka 1973. Nchi za Kiarabu zilipopunguza mafuta baada ya vita vya Oktoba, serikali ya Willy Brandt ilipiga marufuku magari Jumapili nne, kuanzia tarehe 25 Novemba. Yeye alikuwa msichana. Walikwenda na baiskeli katikati ya barabara kuu, watoto wanateleza kwa viatu vya magurudumu, wazee wanatembea pale ambapo siku nyingine ungekufa. "Kimya kilikuwa kizuri," akasema. Mwenye Mercedes na mwenye kigari kibovu, wote walitembea.

Nikamwambia sisi pia tulikuwa na Jumapili zetu. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva, na alitusimulia miaka ile ya shida ya mafuta ambapo Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi yanatakiwa yawe yamelala. Alikuwa anamcheka mjomba wake aliyekwenda harusini Korogwe, sherehe ikanoga, saa nane ikampita, akalala huko huko na suti yake. Vita vya Kagera vilikuwa vimeikausha nchi, na Mwalimu Nyerere alikuwa amewaomba wananchi wafunge mkanda miezi 18. Ilipita miaka mingi kabla mkanda haujalegezwa, na walioishi wakati ule wanajua sabuni na sukari zilivyokuwa. Lakini hebu tazama lile katazo la Jumapili lilimgusa nani. Lilimgusa mwenye gari. Aliyekuwa anatembea aliendelea kutembea.

Leo mambo yamegeuka. Leo tukiambiwa tubane mafuta, maneno yanaangukia kwa asiye na gari.

Mama yangu anapikia mkaa. Maharage anayaloweka tangu jioni. Chakula kikiiva, makaa yaliyobaki anayafukia kwa majivu na kuegesha birika juu yake, chai inakaa na moto mpaka saa nne. Mtungi wa gesi wa kilo 6 niliomnunulia anautumia kwa uji wa asubuhi na wageni tu, na kila Ijumaa anaunyanyua kwa mkono mmoja kusikia uzito uliobaki. Aliponiuliza Wazungu wameambiwa wapunguze nini nikamwambia joto la nyumba, alikaa kimya kidogo, akauliza: "Kwani walikuwa wanaacha linawaka hata wakitoka?" Nikamwambia ndiyo, mama, wengine.

Mdogo wangu anaendesha bodaboda. Pikipiki ni ya mkataba, kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Mafuta anaweka kidogo kidogo, ya elfu mbili, ya elfu tatu, na kila mteremko anaoujua anazima injini. Mwaka 2022 petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita nilimuuliza anapunguza vipi. "Kaka, nipunguze nini? Nikipunguza safari moja, nimepunguza unga." Mei mwaka huo nauli ya daladala ya safari fupi ilitoka 400 ikawa 500. Abiria wa Mbagala atabana nini kwenye hiyo? Atoke saa tisa usiku atembee mpaka Kariakoo? Wapo waliofanya hivyo, na hakuna aliyewaita wazalendo.

Serikali yetu ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni, na nilishukuru, kwa sababu niliona nafuu kwa mdogo wangu. Ila ruzuku ya lita haiangalii nani ananunua. Tangi la bodaboda ni lita chache, la shangingi ni lita mia na zaidi. Ni kosa lile lile la Wajerumani na senti 35 zao. Pesa za namna hiyo ningependa kuziona kwenye mabasi ya mwendokasi, yawe mengi kiasi kwamba mtu mwenye gari lake aone aibu kukaa foleni nalo. Mpaka sasa anayelipanda saa kumi na mbili asubuhi anaingia kwa kusukumwa, anatoka bila kifungo cha shati. Huwezi kumwambia mtu aache gari kisha umpe hiyo.

Nilipokuwa likizo mara ya mwisho, mdogo wangu alinibeba kwenda mjini. Nje ya hoteli moja kulikuwa na semina. Chini ya miarobaini yalikuwa yamepangwa magari tisa, Land Cruiser, namba za ST, yaani ya serikali, nimeyahesabu. Yote yananguruma. Madereva wamelaza viti, vioo vimefungwa, maji ya kiyoyozi yanadondoka na kuchimba vishimo kwenye mchanga. Tulipita saa nne asubuhi. Tuliporudi saa sita kasoro yalikuwa pale pale, yananguruma vile vile, na vile vishimo vimekuwa vidimbwi.

Nilimwomba mdogo wangu asimame ng'ambo ya barabara ninunue maji. Dakika mbili, hazikufika. Kabla sijashuka vizuri alikuwa ameshazima injini.