Tuacheni na sisi tuimbe

Jumapili iliyopita, misa ya pili, sikuimba hata ubeti mmoja. Ningeimba nini? Kwaya ilileta nyimbo mpya tangu maandamano ya kuingia hadi komunyo, kinanda kikipiga midundo ya disko, spika zimeelekezwa masikioni mwetu. Hata wimbo wa Utukufu hatuujui!

Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulitaka waumini washiriki liturujia kikamilifu. Mlango ukafunguka kwa Kiswahili, ngoma na kayamba. Leo tumegeuzwa watazamaji. Bibi aliyekaa kando yangu, ambaye nyimbo za zamani anazo zote kichwani, alinyamaza muda wote, kashika rozari yake. Iliniuma.

Wanakwaya, jamani, tunawapenda. Punguzeni sauti, na mtufundishe kiitikio dakika 5 kabla ya misa.