Povu la Makindye

Mwaka ule niliamua kuwa mtu wa maana. Nilikuwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Kampala, mshahara unaingia leo, keshokutwa nakopa sukari. Ndipo nikaanza kusikiliza mafunzo ya maendeleo kwenye simu. Mwalimu wangu, ambaye sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtangazaji wa vifo redioni, alitaka mambo matatu: uamke kabla ya jua, upate ujuzi wa mkono, na usipoteze hata dakika moja ukiwa njiani.

Kuamka hakukunisumbua. Nimelelewa kambi ya polisi Nsambya, na mzee wangu hakuhitaji kengele kututoa kitandani. Hata Kiswahili changu nilikipata humo kambini, amri kwanza, maongezi baadaye. Kwenye ujuzi nikachagua sabuni ya maji. Mji huu unaosha kutwa: sahani za migahawa, magari, sare za shule, na miguu baada ya mvua, maana udongo wetu mwekundu ukishakushika hauachii kwa maji matupu.

Nikalipa mafunzo ya Jumamosi. Mama aliyetufundisha alikuwa mkali kuliko afande wa gwaride. Ungarol kwanza kwenye ndoo, ile dawa nzito inayotoa povu, ukoroge kwa upande mmoja tu. Ukigeuza mkono, anakutazama mpaka unaurudisha mwenyewe. Kisha chumvi na maji, kidogo kidogo. Chumvi ndiyo inayoifanya sabuni iwe nzito, lakini ukiizidisha inalegea tena na kuwa maji, na hapo hakuna dua. Rangi, manukato ya limau, halafu funika ulale, povu litulie usiku kucha. Asubuhi ukute kitu kizito, kinang'aa, kinateremka kwenye mwiko polepole.

Yangu ilitoka safi. Nasema bila aibu: ilitoka safi. Mama mmoja mwenye mgahawa Katwe aliipaka kwenye sufuria iliyoungua maharage, akasugua mara moja, akaniambia, "Mwanangu, lete jerikani zima." Lita 20, shilingi 40,000. Usiku ule sikulala, nikawa napiga hesabu za jerikani kumi, za jerikani mia, na za gari dogo la kusambazia.

Tatizo lilikuwa kifuniko. Jerikani langu lilikuwa la njano, la mafuta ya kupikia, na kifuniko chake kilikuwa kimepotea zamani. Kila mtu hapa anajua dawa yake: unachukua kiazi ulaya, unakichonga kidogo, unakikandamiza mdomoni mwa jerikani. Maji yamebebwa hivyo miaka na miaka. Nikachagua kiazi kizuri, kikaingia kwa kulia kidogo, nikaridhika.

Saa kumi na mbili asubuhi, manyunyu yanaanguka, nikaita boda. Kijana amevaa jezi ya Arsenal. Akalitazama jerikani, akalilaza nyuma kwenye keria, mdomo ukiangalia tulikotoka, akalifunga kwa mipira ya tairi.

"Si lisimame?" nikamuuliza.

"Mzee, nimebeba mbuzi wawili na kitanda. Panda."

Nikapanda. Nikavaa spika za masikioni ili safari isiende bure, tukaanza kuteremka Makindye kwenda Kibuye.

Sabuni hutelezesha vyombo, na kiazi nacho ni chombo. Kwenye tuta la kwanza nadhani kililegea. Kwenye la pili kiliaga. Mimi sikusikia kitu, kwa sababu wakati huo mwalimu alikuwa ananiambia: "Ukianza kupanda, watakuzomea. Usigeuke. Wanaopiga kelele wako nyuma yako."

Kweli kulikuwa na kelele. Boda za nyuma zilikuwa zinapiga honi kama msafara wa harusi, watu wananyoosha mikono kwangu. Nikawapungia. Dereva wangu naye alisikia, lakini timu yake ilikuwa imefungwa jana yake, akadhani wanamkumbusha. Akaongeza mafuta.

Nilichokuja kugundua ni kwamba maji ya mvua, matairi na ungarol vikikutana kwenye mteremko, hufanya kazi ile ile ya mwiko, tena kwa kasi. Nilipogeuka hatimaye, barabara ilikuwa nyeupe. Povu lilikuwa limefika kwenye vifundo vya watu. Boda tatu zilikuwa zimesimama kando, madereva wanashikana viuno wasianguke. Mwanamke mmoja aliyebeba ndizi kichwani alikuwa anatembea kwa hatua za mtu aliyevuka uani usiku. Watoto wa shule walikuwa wamevua viatu na kuteleza kwa furaha, harufu ya limau imetanda mpaka Kibuye. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, ila sidhani kama kuna aliyebaki mchafu.

Chini kabisa alisimama trafiki na sare yake nyeupe. Kwa mbali nilidhani ni sehemu ya povu, mpaka ikanyanyua mkono.

"Wewe kijana, toa hivyo vitu masikioni! Hii ni nini?"

"Ni biashara, afande."

"Biashara gani inamwagika? Osha barabara!"

"Kwa nini, afande?"

"Kwa maji!"

Kijana wa kambi habishani na afande. Nikakodi jerikani za maji pale bombani na kuanza kumwaga. Kila nililomwaga, povu liliinuka upya, jeupe kuliko la mwanzo. Afande mwenyewe akarudi nyuma hatua moja, kisha mbili, kisha akapanda kwenye ukingo wa barabara. Mwishowe fundi mmoja wa kuchomelea akaleta koleo, tukalifunika kwa mchanga, huku dereva wangu akidai nauli yake pamoja na fidia ya breki.

Kando ya barabara kulikuwa na vijana wa kuosha magari. Hao hawakuwa wamesema neno muda wote. Walikuwa wameinama wanachota povu kwa ndoo, wameshamaliza teksi mbili na lori, na zote zinang'aa. Mkubwa wao akanifuata, anajifuta mikono kwenye suruali.

"Hii sabuni ni yako, kaka?"

Moyo ukaniruka. Nikanyoosha shati, nikamtajia bei: lita 20, shilingi 40,000, nakuletea mpaka hapa.

Akaitazama bei yangu, akautazama mteremko.

"Ya nini kununua? Wewe niambie tu, kesho unapita saa ngapi?"