Hati Chafu ya Blanketi

Kwa miaka 11 nimekuwa nikiishi kwa kutafuta mahali zilikopotelea fedha za watu wengine. Mimi ni mkaguzi wa ndani wa hesabu, na nikiletewa daftari lenye kurasa 300 naweza kukuonyesha, kabla ya chai ya saa nne, ukurasa ambao mtunza fedha alianza kutokwa na jasho. Nalitaja hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba yaliyonipata yalimpata mtu asiyejua kuhesabu.

Mwezi wa Januari, mdogo wangu anayeishi Njombe alinipigia simu kunijulisha kwamba anatarajia mtoto wake wa kwanza mwezi wa Juni. Sisi wa Dar es Salaam tukisikia Juni tunashukuru kwamba joto limepungua. Mtu wa Njombe, mji unaokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hutafuta sweta la pili. Nikatangaza mezani kwamba nitamfumia mpwa wangu blanketi kwa mikono yangu mwenyewe. Mke wangu alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kama nafahamu kwamba mablanketi huuzwa.

Nilianza kwa mpango, kwa sababu kazi isiyo na mpango kwetu huitwa hoja ya ukaguzi. Nilifuma kwanza kipande cha majaribio kwa sindano ya kroshia ya milimita 5, nikakipima kwa rula, nikapata vitanzi 14 kwa kila sentimita 10 za upana na mistari 8 kwa kila sentimita 10 za urefu. Kwa blanketi la upana wa sentimita 86 na urefu wa mita moja, hesabu ilinipa vitanzi 120 na mistari 80. Niliyaingiza yote katika jedwali la kompyuta, nikaongeza fungu la dharura, kisha nikaenda Kariakoo kununua madonge 6 ya uzi wa akriliki wa rangi ya njano, kila donge gramu 100. Muuza duka alisema uzi huo haumwashi mtoto na huvumilia kufuliwa, bali pasi ya moto isiusogelee kabisa.

Mwalimu wangu alikuwa mama mmoja wa Kimarekani katika video, mpole mno, ambaye nilimwelewa vizuri hadi nilipomlinganisha na maelezo yaliyoandikwa na Mwingereza. Huchukua muda kugundua kwamba mataifa hayo mawili hutumia jina lile lile kwa mishono miwili tofauti, ya mmoja ikiwa mirefu kuliko ya mwenzake. Ofisini tungewaita wote wawili waje na vielelezo. Nikamwacha Mwingereza, nikabaki na mama yangu wa Kimarekani, na siku aliyokuwa akieleza jinsi ya kumaliza mstari na kugeuza kazi, umeme ukakatika. Uliporudi baada ya saa tatu, yeye nilimpeleka mbele hadi mstari wa tano, kwa kuwa kugeuza kazi ni kugeuza kazi, na mimi si mtoto.

Februari ya Dar es Salaam si mwezi wa kupakata blanketi. Kila jioni nilikaa barazani nikiwa na fulana na taulo shingoni, na sehemu iliyokwisha kufumwa niliiviringisha ndani ya foronya ili isinichome mapaja wala kuchafuka. Kabla ya kulala nilipima urefu, nikauandika katika jedwali: sentimita 20, sentimita 41, sentimita 60. Safu ya upana sikuiweka, kwa sababu upana ulikwisha kuamuliwa siku ya kwanza, na jambo lililoamuliwa siku ya kwanza sikuona sababu ya kulirudia. Nimewahi kuwaandikia watu barua kali kwa fikra za namna hii.

Nilipofika mstari wa 58, bibi yetu wa jirani, ambaye sebule yake haina kochi, redio wala chupa ya chai isiyovalishwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, alipita kutusalimu. Nikafungua foronya kwa madaha na kuutandaza ustadi wangu juu ya mkeka.

Bibi alivaa miwani. Akalizunguka lile blanketi upande mmoja, akalizunguka na upande wa pili.

"Mjukuu wangu," akasema, "hili ni blanketi au ni tanga la ngalawa?"

Chini lilikuwa na sentimita 86 zangu kamili. Juu lilikuwa na sentimita 45. Bibi alipitisha kidole ukingoni, akanionyesha kwamba ule mnyororo mdogo wa vitanzi vitatu unaouanza kila mstari nao huhesabiwa kuwa mshono, na kwamba mstari unaofuata hauna budi kumalizikia juu yake. Mimi nilikuwa nikiuruka kila mara nilipogeuza, mara upande wa kulia, mara wa kushoto, kwa uaminifu usioyumba.

"Umefuma mistari mingapi?"

"Hamsini na nane, Bibi."

"Basi umeibiwa hamsini na saba."

Nikahesabu vitanzi vya juu kwa ncha ya kalamu. Vilikuwa 63. Mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele pale pale, alitoa hati chafu, ile ya hesabu zisizoridhisha, bila kuinua kichwa.

Bibi alishauri nifumue hadi mstari wa kwanza. Nami, kama wote niliopata kuwabana, nikaomba kufanya marekebisho. Niliutia uzi katika zile pande mbili zilizoinama, nikaanza kufuma kuelekea nje ili kuziba pengo, na kwa kuwa sasa nilikuwa na hofu kuu ya upotevu, kila mahali ambapo vitanzi viwili vingetosha niliweka vitatu. Ziada ile haikukubali kulala. Ilijikunja, ikainuka, ikawa mawimbi, na kila upande ukaota kitu kinachofanana sana na sikio la tembo. Katikati ya sikio la kwanza uzi ukaniishia. Nilirudi Kariakoo kununua madonge mengine, na chini ya taa ya dukani njano ilikuwa njano. Juani nyumbani, moja ilikuwa ya embe na nyingine ya limau. Lebo ya uzi huwa na namba ya mkupuo wa kutiwa rangi, na mikupuo miwili haikubaliani daima. Namba hiyo ndiyo pekee ambayo sikuwa nimeiingiza katika jedwali.

Mtoto alizaliwa salama, nami nikapanda basi alfajiri nikiwa na shati la mikono mifupi, kwa sababu mpango wangu wa safari ulihusu nauli peke yake. Iringa nilikunja mikono. Makambako nilifungua mfuko wa zawadi. Ule upande mwembamba ulikaa shingoni barabara, na yale masikio yakaniangukia mabegani kana kwamba yalipimwa kwa fundi. Abiria mwenzangu aliniuliza kwa heshima kama mimi ni wa kwaya.

Mdogo wangu alifungua mlango, akanitazama juu hadi chini.

"Kaka, shikamoo. Hilo koti umelinunua wapi?"

Niliivua zawadi ya mpwa wangu, nikamkabidhi mama yake. Alimlaza mtoto katikati, akaukunja upande mpana juu ya miguu yake, akayavuta masikio mawili na kuyafunga fundo mgongoni mwake mwenyewe, mtoto akiwa ametulia kifuani. Halikulegea wala halikuteleza. Majirani walipokuja kumtazama mtoto walilipapasa blanketi kwanza.

Wiki iliyopita amenipigia tena. Wa pili anatarajiwa Julai, naye anataka blanketi kama lile lile, lenye masikio, na shoga yake ameagiza la kwake. Nimefuma mistari 22 hadi sasa. Kila mstari una vitanzi 120, kingo zimenyooka kama rula, na kila nikikusudia kukiruka kitanzi cha mwisho huku nikikiona, mkono unakataa.